Eti tatizo ni vidole vyangu! Muuza preseti amekula hela yangu kisha akanitukana

KambaSita (mwanzisha uzi)

Wakuu, nina hasira mpaka simu inanitetemeka mkononi, kwa hiyo mnivumilie nikikosea herufi.

Ni yule jamaa wa video za "sauti ya rekodi ndani ya sekunde tano". Simtaji. Mnamjua. Yule mwenye ukuta mzima wa magitaa nyuma yake ambayo hatujawahi kumwona akiyashusha, mwenye taa ya zambarau, anayeanza kila video kwa kucheka kabla hajasalimia. Huyohuyo.

Nimenunua preseti zake, yaani mipangilio ya sauti iliyo tayari ya kupakia kwenye mashine inayoigiza ampu, kile kikuza sauti cha gitaa. Kifurushi kizima, preseti mia mbili na ushee, "zitakazokufanya ugawe ampu yako bure". Nimebeba mashine mpaka mazoezini, nimekanyaga ya kwanza, imeandikwa Plexi ya Jukwaani, ikatoka sauti ya nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mwimbaji akaziba masikio. Mpiga besi akaanza kukagua kebo yake akidhani ni yeye. Nikakanyaga ya pili: nyuki. Ya tatu: nyuki tena, safari hii na mwangwi.

Nikamwandikia kwa adabu. Nasema kwa adabu, mpaka "kaka mkubwa" nimemwita. Nikamweleza gitaa langu ni la namna gani, natumia spika zipi, juu inachoma masikio na chini inavuma, je, nirekebishe wapi? Swali la mteja aliyelipa. Mnajua kajibu nini?

"Preseti hazina tatizo. Tatizo ni vidole vyako."

Basi. Hakuna salamu, hakuna pole, hakuna "jaribu hiki". Na kikatuni cha kidole gumba chini yake. Kisha akanifungia, nisiweze hata kumjibu.

VIDOLE VYANGU! Vilipokuwa vinabofya "lipa" havikuwa na tatizo! Hapo vilikuwa vidole vya dhahabu! Vimepata ugonjwa baada ya hela kuingia!

Na kama sauti iko vidoleni, wewe unauza nini? Uza vidole basi! Weka kifurushi cha vidole kumi, tukinunue tukavishone!

Nimerudi nyumbani nikazifungua zote kwenye kompyuta. Wakuu, ni ampu ileile, kabineti (sanduku la spika) ileile, maikrofoni ileile. Kabadilisha gaini (kiasi cha kukuza mawimbi) kidogo, kaongeza rivabu (mwangwi wa chumba), kaipa jina jipya. Dhoruba. Dhoruba Kuu. Dhoruba Kuu ya Solo. Halafu nikarudia ile video iliyonishawishi nikiwa na hedifoni: gitaa limerekodiwa mara mbili, moja kushoto moja kulia, chini kuna besi, kuna drami, na sauti nzima imepitishwa kwenye kompresa, ile ya kusawazisha sauti ndogo na kubwa. Mimi nauziwa preseti moja, natangaziwa bendi nzima.

Lakini hilo la video ningelisamehe. Hela ningesamehe. "Vidole vyako" sisamehi.

Kuna mtu humu amewahi kununua hivi vitu vikamfaa, au tumeibiwa wote kimyakimya?

Mkongwe_wa_Valvu

Pole sana mkuu. Tukiweka tusi pembeni, hao nyuki wana maelezo. Jamaa anatengeneza kwa gitaa lenye hambaka, ile pikapu (kinasa mlio wa nyuzi) ya koili mbili ambayo Seth Lover aliibuni pale Gibson mwaka 1955 ili kuua mvumo wa umeme. Hambaka nyingi hutoa mawimbi yenye nguvu zaidi na sauti nzito. Wewe ukiwa na koili moja, gaini aliyoipima kwa gitaa lake haikuhusu. Sauti yako ni nyembamba na kali zaidi, na ule mvumo wa umeme wa 50 au 60 Hz (mitetemo kwa sekunde) unakuzwa pamoja na muziki.

Halafu mashine uliichomeka wapi? Kama ni kwenye ampu ya gitaa huku kabineti ya kuigiza ndani ya preseti imewashwa, sauti yako imepita kabineti mbili, ya kuigiza na ya kweli. Hapo hata malaika angesikika vibaya.

KambaSita

Koili moja, ndiyo. Ampu ya gitaa, ndiyo. Asante mkuu. Ila tazameni: huyu hajalipwa chochote, kanieleza aya mbili. Yule aliyekula hela kaandika sentensi mbili, na ya pili ni tusi. "Zima kabineti" ni maneno mawili. "Vidole vyako" nayo ni maneno mawili. Kayaona yote, akachagua yanayouma!

Solo_Kila_Wimbo

😂😂 Piga picha vidole uweke hapa, jamvi liamue.

KambaSita

Sioni cha kuchekesha.

Solo_Kila_Wimbo

Hata cha kati peke yake mkuu, tukikague.

Sauti_Kavu

Mimi nitamtetea muuzaji, siyo huyu, biashara yenyewe. Nilinunua kwa mtu mwingine na zikanifaa, kwa sababu alitaja wazi alitumia gitaa gani, pikapu gani, na kwamba alizitengeneza kwa sauti kubwa kwenye spika. Hilo la mwisho ndilo wengi hawalijui. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii vizuri besi na ukali wa juu sauti ikiwa ndogo. Ukitengeneza preseti usiku kwa sauti ya chini utaongeza chini na juu mpaka ipendeze. Ukiipeleka jukwaani, kila ulichoongeza kinarudi kwa ghadhabu: chini inavuma, juu inachoma. Ndivyo alivyoandika mwanzisha uzi neno kwa neno.

Kwa hiyo kununua si upumbavu. Unalipia muda wa mtu, na ukizifungua unajifunza alivyopanga vitu. Asiyetaja kazitengenezaje ndiye wa kuepukwa.

KambaSita

Huyu hakutaja kitu. Alitaja vidole vyangu tu.

Bure_Ni_Haki

Nashangaa bado tunajadili kununua. Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson, programu ya kuigiza ampu, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na tovuti ya Tone3000 imejaa sauti za ampu halisi zilizonaswa na watu wanaogawa bila malipo. Mwenye mashine ya Helix ana maktaba ya CustomTone, mwenye Kemper ana Rig Exchange. Nako kuna takataka nyingi, sibishi, lakini takataka ya bure huifuti kwa uchungu. Na hakuna wa kukutukana, maana hukumwandikia mtu.

Sauti_Kavu

Utakaa usiku kucha unachambua elfu moja kupata mbili nzuri. Muda nao si hela?

Bure_Ni_Haki

Muda wangu nautumia kusikiliza. Wa kwenu mnautumia kuomba kurudishiwa hela ya faili ambalo halirudishwi.

Preseti_Bora

Habari wanajamvi. Poleni kwa mliyoyapata kwa matapeli. Mimi natengeneza kulingana na gitaa LAKO na pikapu ZAKO. Vifurushi vinaanzia preseti 50. Karibuni PM, wa kwanza kumi wanapata punguzo.

KambaSita

Jina lako limeandikwa Bora na umekuja kuuza msibani. Toka kwenye uzi wangu!

Solo_Kila_Wimbo

Mkuu muulize kwanza kama ana za vidole.

Nukta_ya_Nane

Kero yangu mimi ni dilei, ule mwangwi unaorudia noti. Nilinunua preseti ya "gitaa linaloruka", ile dilei ya noti ya nane yenye nukta. Nikaipiga kwenye wimbo wetu, kila mtu akapotea njia. Kumbe kaigandisha kwenye milisekunde 375. Hiyo ni ya kasi ya mapigo 120 kwa dakika! Hesabu yake ni 60,000 gawanya kwa kasi, zidisha kwa 0.75. Wimbo wetu uko 96, unataka 469. Kuna kitu kinaitwa tempo ya kugonga kwa mguu, karibu kila mashine inacho, na jamaa hakukiunganisha. Nimelipia namba moja, tena namba yenyewe si yangu.

Mkongwe_wa_Valvu

Hilo ni la kweli na ni la aibu kwa muuzaji yeyote. Ni kazi ya dakika moja.

Besi_Ndiyo_Nguzo

Angalau nyinyi mnauziwa! Mpiga besi akinunua kifurushi anawekewa tatu, mwisho kabisa, baada ya zile za gitaa la akustiki: Besi Safi, Besi Chafu na Besi 3. Besi 3! Hata jina walichoka kutafuta.

Na tukija mazoezini hizo preseti zenu zinakaa kwangu. Uzi mzito wa gitaa lenu unaanzia kama 82 Hz, wangu 41. Chini huko ni kwangu. Lakini preseti ya kununuliwa imejazwa besi ili impendeze mtu aliye peke yake na hedifoni, mkija nayo kwenye bendi mimi sisikiki tena. Kisha mnaniambia niongeze.

KambaSita

Ndugu, turudi kwenye mada. Mtu kaniambia vidole vyangu

Mtu_wa_Mikisa

Afadhali mpiga besi kasema. Mimi nakaa nyuma ya mikisa, meza ya kuchanganya sauti, na nitasema kilichobaki. Gitaa: katisheni kila kitu chini ya Hz 80, hata 100. Juu, kata kuanzia Hz elfu sita hivi mkiwa na distosheni (sauti iliyochafuliwa makusudi), maana spika halisi ya gitaa nayo huanza kushuka huko, ndiyo sababu haichomi masikio. Hivyo tu, nusu ya malalamiko ya uzi huu yanakufa.

Lakini kero yangu ni sauti kuruka. Preseti ya kwanza inanong'ona, ya pili inabomoa ukuta. Mimi nakimbilia kushusha, jamaa anakanyaga ya tatu, hasikiki, watu wote wanageuka wananitazama MIMI. Mnabadilisha preseti katikati ya ubeti mkadhani nina mikono minane! Kabla hamjatoka nyumbani sawazisheni ukubwa wa sauti ya preseti zote.

Solo_Kila_Wimbo

Preseti ya solo lazima ipande, mkuu. Hiyo si kosa, ni solo.

Mtu_wa_Mikisa

Desibeli tatu inatosha. Wewe huwa unapanda kumi na mbili, tena kila wimbo, jina lako linasema.

Fimbo_Mbili

Nacheka. Watu wananunua sauti mia mbili, sisi wa drami tuna ngoma ya sneya moja na hakuna anayetuuliza. Na siku zote sisi ndio "punguza, punguza". Napunguza vipi? Drami haina kitufe! Mwenye kitufe ni mpiga gitaa na yeye hakigusi.

Besi_Ndiyo_Nguzo

Wewe punguza tu. Matoazi yako yanaingia kwenye maiki ya mwimbaji, kila akiwekewa kompresa tunasikia bati.

Fimbo_Mbili

Maiki ya mwimbaji nani kaiweka mbele ya matoazi? Mimi? Mimi nimekuta imesimama.

Mtu_wa_Mikisa

Jukwaa ni dogo, niiweke wapi, nje?

Bure_Ni_Haki

Mpiga gitaa akitumia mashine bila ampu jukwaani, kelele zinapungua kwa kila mtu. Hilo mlikiri.

Mkongwe_wa_Valvu

Sikiri. Ampu nyuma ya mgongo ndiyo inayokufanya upige vizuri. Kusikilizia kupitia spika ya sakafuni ni kupiga gitaa la jirani.

Sauti_Kavu

Brian May wa Queen ana ampu za Vox AC30 nyuma yake na anapigia sarafu ya peni sita ya Uingereza. Nendeni mkatafute preseti ya sarafu.

Solo_Kila_Wimbo

Nimeshajaribu sarafu. Imekwangua nyuzi zote na fundi kanilaumu.

Nukta_ya_Nane

Ulitumia sarafu gani? Ile yake ina vijino vidogo pembeni, ndiyo ule mlio wa kukwaruza mwanzoni mwa noti.

KambaSita

Wakuu, uzi unahusu muuza preseti. Nauliza tena: ni sawa mteja aliyelipa kuambiwa tatizo ni vidole vyake? Ndiyo au hapana?

Fimbo_Mbili

Hapana, pole. Sasa wewe wa mikisa, hujanijibu. Juzi nani kasogeza matoazi yangu nikiwa nimetoka kidogo? Nimerudi nikakuta stendi imezungushwa, nimepiga hewa ubeti mzima.

Mtu_wa_Mikisa

Niliyasogeza mimi kwa sababu ya maiki, na nitayasogeza tena.

Besi_Ndiyo_Nguzo

Msogeze na yeye.

Fimbo_Mbili

Nafungua uzi wangu. Subirini.