Familia ya watu sita Dodoma mjini: tujiandaeje kwa janga la mwaka mzima?

MamaWatatu_Ilazo

Wakuu, salaam. Naishi Ilazo na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Mei 2024, mikongo ya baharini ilipokatika na intaneti kuyumba nchi nzima, programu ya benki haikufunguka na sikuwa na noti hata moja ndani. Zilikuwa siku chache tu, zikapita. Ila tangu hapo najiuliza: likija jambo kubwa, ukame wa misimu miwili mitatu mfululizo, vita, au gonjwa la kufungisha barabara, sisi wa mjini tutaishije?

Naona wenzetu wa Marekani wanajaza makopo vyumba vya chini ya ardhi. Mimi nimepanga, sina hata stoo, na ninachoweza kutenga ni laki mbili kwa mwezi. Naomba ushauri wa mtu anayeijua Dodoma.

BwanaShamba_Mstaafu

Dada, umeuliza jambo la maana na asikucheke mtu. Nimekuwa bwana shamba Mpwapwa na Kongwa tangu ujana hadi kustaafu, kwa hiyo nitasema ya huku kwetu.

Wagogo tuna njaa tunayoiita Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Wengi hudhani ulikuwa ukame tu. Ukame wazee walikuwa wanaumudu: unatoa ng'ombe unapata nafaka, au unakwenda kuhemea kwa ndugu ambako mvua imenyesha. Safari ile Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita hapa. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, yakachukua mifugo, yakachukua vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipogoma, kihenge kilikuwa kitupu, zizi tupu, na wa kulima hawapo. Watu walikufa kwa maelfu.

Ndiyo maana nikiulizwa habari ya majanga makubwa, naangalia kwanza vitu gani vitakatika kwa pamoja. Pale Ilazo maji yako, kama ya sehemu kubwa ya mji, yanatoka visima vya Makutupora kule Mzakwe, na yanasukumwa kwa umeme. Unga unakuja kwa lori, lori linataka dizeli. Hela iko kwenye simu, simu inataka mnara, mnara unataka umeme. Vyote vinaning'inia kwenye kamba moja. Tafuta kilicho nje ya kamba hiyo.

Anza na maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Dodoma tunapata kama milimita 550 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita 60 za mraba, ukitoa yanayopotea, linakupa zaidi ya lita 25,000. Zungumza na mwenye nyumba aweke gata na tanki, mkatane kwenye kodi. Mvua ya kwanza iache ioshe bati kwanza. Na usijidanganye kwamba visima havikauki: watafiti waliofuatilia rekodi za Makutupora za zaidi ya nusu karne waliona kwamba maji yale hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa sana, kama El Nino ya 1997/98. Katikati hapo tunachota akiba.

Chakula: pale mboga na kitoweo vinapokuwa haba, mtu mzima hula karibu nusu kilo ya nafaka kwa siku. Familia yako weka hesabu ya gunia nane za kilo mia kwa mwaka. Usijaze mahindi tupu. Mahindi yana dumuzi, yule tunayemwita skania, aliyeingia nchini miaka ya 1970 kupitia upande wa Tabora. Ukimpa nafasi anakuachia vumbi. Changanya na mtama na uwele. Ulezi ndio hodari kuliko vyote, hukaa miaka bila kuguswa na wadudu.

Kabla ya kufunga gunia, pima ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia nafaka na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, nafaka bado mbichi, irudishe juani. Ikidondoka chini yote, funga. Tumia ile mifuko ya kinga njaa yenye tabaka tatu: kandamiza hewa itoke, funga kila mfuko wa ndani peke yake. Wadudu waliobaki humaliza hewa wakafa wenyewe, huhitaji dawa. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, maana panya akitoboa tundu moja kazi imeharibika.

Mbegu weka kando, kilo chache za mtama usio chotara, na hizo haziliwi hata iweje. Mwaka wa pili wa janga ndio unaoua, na unamuua asiye na cha kupanda. TARI Hombolo, wale watafiti wa kilimo, wanashughulika na mtama na uwele, waulize.

Nesi_Makole

Naongezea dawa. Mama mkwe kama ana presha au sukari, ongea na daktari ili mama awe na akiba ya miezi miwili, atumie ya zamani kwanza. Insulini bila friji hukaa ndani ya chungu kilichowekwa kwenye chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa maji, kivulini. Maji yakikatika, choo cha kuvuta ndicho kinachoshindwa kwanza, na kipindupindu hakichelewi. Kila mtu nyumbani ajue hii: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi.

MamaWatatu_Ilazo

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Mzee wangu, shikamoo. Watoto hawagusi ugali wa mtama, nifanyeje?

BwanaShamba_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Anza sasa hivi wakati mahindi yapo. Chukua mtama mweupe, uukoboe, uchanganye robo kwa mahindi robo tatu, upandishe polepole. Mwekundu una ukakasi, huo fanyia uji na sukari kidogo. Pembeni weka mlenda uliokaushwa na unga wa ubuyu. Nunua Juni na Julai watu wakitoka kuvuna; ukisubiri Januari utalia na bei. Kibaigwa kwa mahindi, mtama ulizia Bahi na Chamwino, na uende na ile chupa yako ya chumvi.