MJADALA: Nembo mpya ya klabu yetu, mtendaji mkuu alitumwa na nani?

Mtoa mada

Wadau, poleni na majukumu. Naomba tulizungumze hili kabla ya mkutano mkuu, maana tukishaingia ukumbini kila mtu atakuwa na dakika mbili tu.

Klabu yetu imetoa nembo mpya. Mwewe tuliyemzoea hayupo, mwaka wa kuanzishwa haupo, imebaki mistari miwili ya mshazari na herufi ya kwanza ya jina letu. Sisi wanachama tulizipata habari pamoja na watu baki, asubuhi moja, kwa picha na maelezo ya mtendaji mkuu kwamba klabu inaingia zama mpya. Mtendaji huyu ana mwaka mmoja na nusu ofisini. Alikotoka alikuwa mtu wa masoko, na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna kikao chochote cha wanachama kilichomtuma.

Tawi letu lina mama mmoja anayetushonea bendera. Mwewe mmoja humchukua siku mbili. Huanza na mabawa, hushuka kwenye kucha zilizoshika mpira, na jicho huliacha la mwisho kabisa: uzi mweupe, mishono saba. Husema jicho likikaa vibaya, ndege mzima anaonekana amesinzia. Siku nembo mpya ilipotoka alikuwa na bendera mapajani, jicho bado. Akaniuliza, "Nimalize au niache?" Nikakosa la kumwambia. Nilipompigia mtu wa ofisini kuuliza kama bendera za zamani zitaruhusiwa kuingia uwanjani, nikajibiwa kuwa jambo hilo bado linafanyiwa kazi.

Hoja yangu ni hii. Mtendaji mkuu ameajiriwa kuiendesha klabu. Klabu inaitwaje, inavaa rangi gani na inabeba alama gani kifuani, hayo ni ya wanachama. Napendekeza kura ipigwe, na wengi wakikataa, mwewe arudi. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu ila kwenye hili napingana na wewe. Mimi kazi yangu ni usanifu wa picha. Nembo ya zamani ina rangi tano, manyoya, na utepe wenye maandishi. Ipunguze ifikie ukubwa wa kucha ya kidole gumba kwenye simu, mwewe anageuka doa. Juventus walipoacha ngao yao mwaka 2017 wakachukua herufi J peke yake, walisemwa kila kona ya dunia. J iko palepale mpaka leo, na hata mtoto mdogo anaweza kuichora.

Halafu kuna upande wa sheria ambao watu hawaugusi. Arsenal walibadilisha nembo mwaka 2002. Ile ya zamani ilikuwa imejazwa vitu vingi kwa miaka mingi, na klabu ilieleza kuwa ilikuwa ngumu kuilinda kisheria, wakati wauza bidhaa bandia wakijichotea. Wakachora mpya, hata mzinga ulio kwenye nembo yao ukageuzwa ukaelekea upande wa pili. Kelele zilikuwepo. Lakini wapo mashabiki watu wazima leo ambao wamekua na mzinga huo na wanaupenda kama baba zao walivyoupenda ule mwingine.

Tunalalamika kila dirisha la usajili kwamba klabu haina hela. Jezi isipouzika, hela itoke wapi?

Mchangiaji wa pili

Tuseme ukweli. Tungekuwa tunaongoza ligi, mada hii isingekuwepo.

Mtoa mada

Ndugu yangu, waangalie Cardiff City. Mwaka 2012 mmiliki wao, Vincent Tan, aliwavua bluu akawavika nyekundu. Joka likachukua nembo karibu yote, na ndege wa bluu akabanwa chini, mdogo. Na hao ni watu ambao jina lao la utani ni Ndege wa Bluu! Msimu huohuo timu ilicheza vizuri, 2013 ikapanda Ligi Kuu ya England. Kila walichoahidiwa walikipata. Bado waliendelea kuidai bluu yao hadi ikarudishwa Januari 2015. Hapo utasema walikuwa na hasira za kufungwa?

Na wewe mtaalamu wa usanifu, sikatai kwamba mwewe anapotea kwenye simu. Nimejaribu mwenyewe baada ya kukusoma na ni kweli. Lakini kulikuwa na njia nyingine. Everton mwaka 2013 walitoa nembo mpya bila kaulimbiu yao ya Kilatini, watu zaidi ya 20,000 wakasaini kuipinga. Klabu ikaomba radhi, ikaleta michoro mitatu, mashabiki wakapiga kura, na msimu wa 2014/15 timu ikavaa ile waliyoichagua. Walipata mchoro nadhifu na ridhaa ya watu wao kwa pamoja. Sisi tumepata mchoro tu.

Mchangiaji wa tatu

Wanangu, nimeanza kuifuata klabu hii wengi wenu hamjazaliwa, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mwewe mnayemlilia hakuzaliwa na klabu. Aliwekwa baadaye, na siku alipowekwa palikuwa na wazee walionuna. Simba ya Dar es Salaam iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971. Leo nani atamwambia shabiki wa Simba kwamba jina lake ni la kupachikwa? AFC Leopards ya Kenya ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya. Hata hao Juventus wa kijana wetu walianza na jezi za rangi ya waridi. Milia nyeusi na nyeupe ilikuja mwaka 1903, kwa jezi za Notts County zilizotoka Uingereza. Kwa hiyo anayesema nembo haiguswi kabisa, mimi simo naye.

Kinachoninyima usingizi ni kiti cha mtendaji. Ndani ya miaka sita wamekalia watu wanne. Wa kwanza alikuja na mfumo mpya wa tiketi, wa pili akaufuta. Wa tatu alileta mkurugenzi wa michezo, wa nne akamwondoa, na sasa kabadilisha nembo. Kila mmoja anaingia akitafuta kitu cha kuonekana amefanya, kwa sababu anajua muda wake ni mfupi. Mtu anayekuja kwa miaka miwili anagusa kitu kitakachodumu miaka thelathini. Hilo ndilo la kulipigia kura kwanza, kabla ya mwewe.

Mchangiaji wa nne

Mzee wangu, umenisemea. Naomba niongezee kwenye hilo la uongozi, maana nimelifuatilia sana.

Manchester United walimkabidhi uongozi Ed Woodward, mtu aliyetokea benki, mwaka 2013. Wadhamini walimiminika. Lakini ubingwa wa ligi walioupata mwaka huohuo wa 2013, Alex Ferguson akiwa anaaga, ndio wa mwisho mpaka sasa. Kisha ikaja Aprili 2021, ile Super League, ligi ya peke yao ya klabu 12 kubwa za Ulaya, iliyotangazwa usiku wa Jumapili. Makocha walisikia kama tulivyosikia sisi. Mashabiki wakajaa barabarani, na ndani ya saa 48 klabu zote sita za England zikajitoa. Siku hizohizo Woodward akatangaza kuwa anaondoka. Watu waliokuwa na mahesabu yote mezani walishindwa kujua jambo ambalo shabiki yeyote wa jukwaani angewaambia kwa dakika moja.

Lakini kaka zangu msiseme dawa ni kumweka mchezaji wa zamani. Bayern walimpa Oliver Kahn, golikipa wao mkubwa, kiti cha mtendaji mkuu. Mei 2023 walimwondoa, na habari ikatoka siku ileile timu inatwaa ubingwa. Unaweza kusema ni ukatili, na mimi nilimhurumia. Lakini inaonyesha kuna bodi inayoshika mpini. Ujerumani wana kanuni ya 50+1: isipokuwa klabu chache zilizopewa ruhusa maalumu, wanachama lazima wabaki na wingi wa kura, mwekezaji aje na hela kiasi gani. Mtendaji wa kule anajua anarudi kwa nani akiharibu. Wa kwetu anarudi kwa nani? Nimesoma katiba yetu ukurasa kwa ukurasa. Neno "nembo" limo mara moja tu, kwenye kifungu kinachoieleza ilivyo. Nani anaweza kuibadilisha, katiba imenyamaza.

Mchangiaji wa tano

Mnataka makombe au mnataka picha? Red Bull, kampuni ya vinywaji, waliichukua klabu ya Salzburg mwaka 2005, wakabadilisha jina, nembo, na rangi kutoka zambarau na nyeupe kuwa nyekundu na nyeupe. Kuanzia 2014 hadi 2023 wamechukua ubingwa wa Austria mara kumi mfululizo. Waliosusa walienda kuanzisha timu yao wakaanzia madaraja ya chini kabisa. Nani kafaidi? Tumpe mtendaji nafasi afanye kazi.

Mtoa mada

Umeuliza nani kafaidi, nami sitalikwepa. Makombe ya Salzburg ni ya kweli. Lakini mashabiki wa zamani walipoomba zambarau ibaki japo kidogo, waliambiwa inaweza kubaki kwenye soksi za golikipa. Soksi, wadau. Mtu aliyeifuata timu miaka ishirini anapimiwa historia yake kwenye soksi za mchezaji mmoja. Ndiyo maana waliondoka, na makombe kumi yaliposhangiliwa, wao hawakuwepo. Wimbledon ni hivyohivyo: mwaka 2002 klabu iliporuhusiwa kuhamishiwa mji mwingine, Milton Keynes, mashabiki walianzisha AFC Wimbledon, wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa umma, na kufikia 2011 walikuwa wamerudi kwenye ligi za kulipwa za England. Mimi sitaki tufike huko. Nataka tubaki humu ndani wote, pamoja na wewe.

Mzee wetu amenibadilisha kwenye jambo moja na nalikiri hapa. Nilikuja nikitaka mwewe arudi. Sasa naona cha kwanza ni nani ana ruhusa ya kumgusa. Na tusikubali kudanganywa na neno "tulishauriana". Leeds United walisema wamezungumza na watu 10,000 kwa miezi sita. Januari 2018 wakatoa nembo ya mtu aliyeweka ngumi kifuani, na kabla jua halijazama makumi ya maelfu walikuwa wamesaini kuikataa. Wakaiacha. Kuulizwa kwenye dodoso unapenda nini ni tofauti na kuwekewa mchoro mezani na kuambiwa ndiyo au hapana.

Barcelona mwaka 2018 bodi ilitaka kuondoa herufi FCB kwenye nembo. Kwa kuwa ilibidi ipite kwenye mkutano wa wanachama, na upepo ukaonekana umegeuka, pendekezo likaondolewa kabla ya kura. Atlético Madrid walibadilisha mwaka 2017 wakati wanahamia uwanja mpya, manung'uniko hayakuisha, na Juni 2023 wanachama walipopewa kura, zaidi ya asilimia 88 waliitaka ya zamani. Ikarudi Julai 2024. Miaka saba ya kuvaa kitu ambacho kura moja mapema ingekizuia.

Kwa hiyo nimeandika hoja nitakayoipeleka. Jina, rangi kuu na nembo zibadilishwe kwa theluthi mbili ya wanachama waliohudhuria mkutano. Mchoro uwekwe wazi siku 60 kabla. Mkataba wa mtendaji mkuu utaje bayana mambo asiyoweza kuyaamua peke yake wala na bodi, na muda wake usiwe chini ya miaka minne, ili asitafute sifa za haraka kama mzee alivyosema. Na bendera za zamani ziruhusiwe uwanjani tangu mechi ijayo, bila kusubiri kikao.

Mchangiaji wa kwanza

Siku 60 naunga mkono. Mkataba naunga mkono. Theluthi mbili siwezi. Ukiweka kizingiti hicho hakuna kitakachobadilika milele, hata kitu kizuri. Kikundi kidogo kitakaa mlangoni kizuie kila jambo. Nusu na mmoja inatosha. Pia fikirieni jezi za msimu huu. Zimeshashonwa na mkataba na mtengenezaji umesainiwa. Mkiirudisha nembo katikati ya msimu, fidia italipwa kwa hela ileile ya usajili.

Mchangiaji wa nne

La jezi yuko sahihi kabisa. Kura ipigwe sasa, matokeo yaanze msimu ujao. Na hilo la miaka minne liangalieni tena: mtendaji akiwa mbovu tutakaa naye miaka minne yote? Muwekee na kifungu cha kumwondoa.

Mtoa mada

Dada, kifungu cha kumwondoa naongeza leo. La jezi nimekubali, iwe msimu ujao.

Theluthi mbili bado naishikilia. Alama iliyodumu kwa kizazi kizima haifai kuondoka kwa tofauti ya kura moja, asubuhi ambayo nusu ya watu wako safarini. Lakini naona wengi mtakwenda na nusu na mmoja, kwa hiyo nitaziandika zote mbili na mkutano uchague. Mwisho wa kuwasilisha ajenda ni Ijumaa. Inahitajika saini ya wanachama hamsini waliolipia ada, nami ninazo thelathini na moja.