Alama za 925, GP na GF kwenye pete na herini: zinasema nini, na nitapimaje kibandani?

MamaHerini_Kibuye (Kisumu)
Habari za jioni mafundi na wauzaji wenzangu. Nauza herini, pete, mikufu na bangili sokoni Kibuye. Mzigo huja na alama ndogondogo zilizogongwa ndani ya pete au kwenye kifungio: 925, 18K, 18K GP, 1/20 14K GF. Nyingine hazina alama yoyote. Anayeniletea huziita zote "dhahabu isiyochuja" na bei hupanga apendavyo. Wateja wanarudisha pete zinazoacha kidole kijani, na wengine masikio yanawawasha hadi kutoa majimaji. Naomba kueleweshwa alama hizo zinamaanisha nini hasa. Kuna kipimo ninachoweza kufanya kibandani bila kuharibu mali? Na mkufu wa fedha uliokatika, fundi redio wa jirani anaweza kuulehemu?

Sonara_Nakuru
Mama, kila alama iulize swali moja: inaeleza mwili mzima wa pete, au ngozi yake tu? Bei yote iko hapo.

Namba tupu zinaeleza mwili. 925 ni fedha: kati ya sehemu 1,000, 925 ni fedha yenyewe na 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno na pete yake hupinda. Dhahabu hupimwa kwa karati, 24 ikiwa dhahabu tupu. Kwa hiyo 18K ni robo tatu dhahabu, na ndiyo hiyohiyo inayogongwa 750. 22K hugongwa 916, 14K hugongwa 585, na 9K hugongwa 375.

Herufi zikifuata karati, habari hubadilika. GP (gold plated) ni mchovyo. Kipande cha shaba njano hutumbukizwa kwenye maji yenye chumvi ya dhahabu, umeme hupitishwa, na dhahabu hujishika juu yake. Hiyo "18K" ni ubora wa utando peke yake. Kwenye mali ya bei ya chini utando huo mara nyingi haufiki hata nusu mikroni, na mikroni moja ni sehemu ya 1,000 ya milimita. Pete inayosuguana na vidole, sabuni na mwiko hupoteza utando huo haraka kuliko herini inayoning'inia tu, ndiyo maana malalamiko yako mengi ni ya pete. Ukiona neno vermeil, chini panapaswa kuwa na fedha 925, na kwa kiwango cha Marekani utando usipungue mikroni 2.5.

GF (gold filled) si mchovyo hata kidogo. Bamba la dhahabu hubanwa kwa joto na shinikizo juu ya shaba njano mpaka vishikane, kisha vyote viwili huviringishwa pamoja kuwa bati au kuvutwa kuwa waya. 1/20 14K GF maana yake sehemu moja kati ya 20 za uzito wote ni dhahabu ya karati 14. Mkufu wa gramu 10 una nusu gramu ya dhahabu hiyo. Si nyingi, lakini ni nene mara nyingi kuliko mchovyo, na mtu akiutunza huvaa miaka. Usiiuze GF kwa bei ya GP, na usikubali kununua GP kwa bei ya GF.

Kijani cha kidoleni ni shaba iliyokutana na jasho baada ya utando kulika. Hunawika, hakina madhara. Kuwashwa ni jambo jingine, na hapo mshukiwa wa kwanza ni nikeli, ambayo viwanda vingi huiweka chini ya dhahabu ili utando ung'ae. Aliye na mzio hapaswi kuambiwa "utazoea". Ulaya imeweka kikomo kwa vijiti vinavyopita kwenye tundu la sikio: nikeli inayotoka isizidi mikrogramu 0.2 kwa kila sentimita mraba kwa wiki. Kwa wateja hao weka vijiti vya titani. Stenlesi ya daraja la 316L ina nikeli ndani lakini huishikilia vizuri, na wengi huivaa bila shida. Tahadhari na "German silver": ni shaba, nikeli na zinki. Fedha haimo.

MizaniNaJiwe (Kakamega)
Niongeze upande wa kupima.

Sumaku kwanza. Ikivuta kwa nguvu, si dhahabu wala fedha. Lakini angalia mwili, si kifungio, kwa sababu ndani ya kifungio kuna springi ya chuma hata kwenye mkufu halali. Isipovuta hujajua kitu bado, maana shaba njano nayo haivutwi.

Kipimo kisichoharibu mali ni cha uzito majini. Unahitaji mizani ndogo inayosoma gramu 0.01, kikombe na uzi mwembamba. Pima pete ikiwa kavu, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Ning'iniza pete kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala pembeni, gonga uzi ili viputo vya hewa viondoke, soma namba. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo; jibu ni mara ngapi metali ni nzito kuliko maji ya ukubwa huohuo. Mfano: pete ya gramu 5.20 ikisoma 0.34 majini, unapata 15.3, yaani inalingana na 18K. Pete ya uzito huohuo ikisoma 0.61 unapata 8.5: hiyo ni shaba njano, hata kama imegongwa 750. Fedha 925 hutoa karibu 10.4, dhahabu ya 14K kati ya 13 na 14, stenlesi karibu 8.

Kosa la 0.01 tu kwenye ile 0.34 hukupeleka 14.9 au 15.8, kwa hiyo rudia mara tatu, na usihukumu herini ya nusu gramu kwa njia hii. Tungsteni, metali nyingine nzito, nayo ina uzito karibu sawa na dhahabu tupu, 19.3, kwa hiyo kipande kinachodaiwa kuwa 24K kikipita majini bado kinahitaji kipimo kingine.

Asidi na jiwe jeusi la kusugulia dhahabu ni kazi ya sonara. Ukisugua GP juu ya jiwe unapima ngozi, na asidi itakudanganya. Lazima kwanza pachanwe kidogo kwa tupa mahali pasipoonekana. Asidi ya nitriki ikitoa povu la kijani hapo, ni shaba. Kibandani penye watu usiiweke, mvuke wake huumiza mapafu.

Na kwa vile watu hupita Kisumu na dhahabu ghafi kutoka Ikolomani na Migori: ile haina karati inayojulikana, kwa kawaida imechanganyika na fedha, na chini ya Sheria ya Madini ya 2016 biashara yake inahitaji leseni. Usiipokee kama mali ya kawaida ya kibanda.

MamaHerini_Kibuye
Asanteni sana. Mizani ya namna hiyo ninayo. Na pete yenye jiwe je?

MizaniNaJiwe (Kakamega)
Haifai, Mama. Jiwe au kioo ni chepesi kuliko metali na hushusha jibu. Vivyo hivyo bangili yenye uwazi ndani, hewa iliyofungiwa huharibu hesabu. Hizo mpelekee sonara.

FundiLehemu_Bungoma
Suala la fundi redio lisipite hivihivi. Jibu ni hapana, tafadhali. Lehemu yake ina bati, na mara nyingi risasi. Hushika kwa ulegevu, na ubaya mkubwa huja baadaye: sonara akipasha mkufu huo moto wa kazi ya fedha, risasi ile hula fedha na kuacha mashimo. Kabla ya kutengeneza inabidi ikwanguliwe yote kwa tupa, na mnyororo mwembamba hauna nyama ya kukwanguliwa.

Fedha hulehemiwa kwa lehemu ya fedha. Iko ngumu, ya kati na laini, kila moja ikiyeyuka kwa joto la chini kuliko iliyotangulia, ili kiungo cha pili kisifungue cha kwanza. Ncha mbili zikutane kabisa kwanza. Lehemu haizibi pengo: ukiona mwanga katikati, rudi kwenye tupa. Safisha kwa msasa, paka boraksi (unga unaosaidia lehemu kutiririka) iliyokorogwa na maji, weka kipande kidogo cha lehemu juu ya kiungo. Moto upashe kitu chote, usilenge lehemu, kwa sababu lehemu hukimbilia palipo na joto zaidi. Ukiilenga itajiviringa kuwa tone na kukaa hapohapo. Fedha 925 huanza kuyeyuka karibu nyuzi 800, na lehemu ngumu haiko mbali chini yake, kwa hiyo ikimetameta na kutiririka ondoa moto papo hapo.

Baadaye weusi huondolewa kwenye maji ya moto yenye asidi ya sitriki. Koleo ya chuma isiingie humo: chuma huifanya shaba iliyomo majini ijipake juu ya fedha, ukatoa mkufu wa waridi. Tumia koleo ya shaba au ya mti.

GP usiipashe moto kabisa. Utando huungua na kupotelea ndani ya shaba. Ikikatika, unganisha kwa kipete cha waya bila moto: shika kwa plaisi mbili, fungua kwa kusukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukivuta pembeni, umbo la duara halirudi na mkufu utachomoka hapo.

UshangaNaPembe (Kisumu)
Hukuuliza ushanga, Mama, lakini kama unauza bangili zake ujue mambo mawili. Namba kubwa ni ushanga mdogo: namba 8 ni kama milimita 3, namba 11 ni kama 2. Na rangi: sugua punje moja kwa pamba yenye maji ya kuondolea rangi ya kucha. Pamba ikitoka na rangi, ushanga umepakwa juu tu, na jasho litaufanya vivyo hivyo. Kioo chenye rangi ndani hakitoi kitu.

Usitungie uzi wa nyavu wa nailoni. Hunyooka kwa uzito, kisha juani hukauka na kukatika. Waya wa nyuzi za chuma uliovikwa plastiki hudumu, ila hauendi na fundo, unahitaji kishanga cha kubana kila upande.

Herini za pembe ya ng'ombe zipake mafuta kidogo ya nazi mara kwa mara na usizianike kwenye jua la mchana. Zikikauka hupasuka kufuata matabaka yake, na ufa wa hivyo hauna gundi.