Naomba ushauri: kinoo cha zamani cha wembe, ni Charnley Forest kweli?

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa wanaovijua vinoo. Niko Leicester huku Uingereza, nimenunua kinoo kwenye mnada wa vitu vya zamani, kiko kwenye kiboksi cha mbao na kilikuwa kimeganda mafuta meusi hadi nikakiloweka maji ya moto na sabuni ya vyombo ndo rangi ikaonekana. Ni kijani ya zeituni iliyochanganyika na kijivu, kina madoa mekundu na mistari ya kahawia upande mmoja, kigumu balaa, ukikisugua na maji hakitoi tope lolote. Muuzaji kaniambia cha Ubelgiji, hapo sikubaliani naye, koticule (vinoo vya mawe ya asili) za Ubelgiji ni za manjano na nyingi zimegandishwa na jiwe la kibluu chini, halafu tope lake linatoka jeupe kama maziwa. Mimi nahisi ni Charnley Forest, yale mawe ya kunolea ya hapa hapa Leicestershire, ila kuna mawe ya Wales nayo yana ukijani ndo yananichanganya, mnayatofautishaje?

Halafu hiki kinataka maji au mafuta? Nimenolea wembe wa Sheffield kwa maji, nywele za mkono unanyoa vizuri tu ila shavuni unakwaruza hata nikiupitisha kwenye mkanda wa ngozi. Kona moja imemeguka pia, nisawazishe kwa msasa au niiache tu?