Wanafunzi kubuni michezo: karatasi, Scratch au Python? Ulinganisho kwa kidato cha pili

Mwl_Ubao
Wakuu, naomba mchango. Klabu ya kompyuta, kidato cha pili: wanafunzi 40, kompyuta 12 zinazowaka, vipindi 8 vya dakika 80, intaneti ya kubahatisha. Sitafuti kuzalisha waandika programu. Nataka watumie hesabu za uwezekano na grafu, na wazoee kujaribu kazi yao na kuirekebisha. Nalinganisha mchezo wa ubao kwa karatasi, Scratch (programu ya kupanga vipande vya amri kwa kuvivuta), na lugha ya Python kwa kutumia Pygame Zero, nyongeza yake ya kutengenezea michezo.

BintiHesabu
Anza na karatasi, Mwalimu, hata kama kompyuta zingekuwa 40. Kwenye kompyuta, kubadili kanuni moja kunaweza kula nusu ya kipindi. Kwenye karatasi unafuta, unaandika, mnacheza tena. Kikundi cha wanne kinaweza kurudia hivyo mara tatu au nne ndani ya kipindi kimoja, na faida ya mradi imo katika kule kurudia.

Kila kikundi: nusu karatasi ya manila, dadu 2, vizibo 12 vya soda, na penseli. Ukiwapa kalamu ya wino hawatakubali kufuta. Kwa kadi, manila ya ukubwa wa A1 ikikatwa nusu kwa nusu mara sita inatoa kadi 64, za vikundi viwili.

Sasa hesabu. Njia ya miraba 36 kwa dadu moja: wastani wa dadu ni 3.5, hivyo mchezaji anahitaji zamu kama 11 kufika. Wachezaji wanne, sekunde 10 kwa zamu, ni dakika 7 hivi hadi wote wafike. Kisha subiri, maana vikundi vingi vitaweka kanuni ya "lazima upate namba kamili ndipo uingie, ukizidisha unabaki ulipo". Waulize: aliyebakiza hatua 1 na aliyebakiza hatua 6, nani atasubiri zaidi? Watasema wa kwanza. Wote wawili wastani wao ni zamu 6! Watupe dadu kwanza waone, halafu wathibitishe kuanzia hatua 1, kisha 2, kisha 3. Mada nzima ya uwezekano inaingia hapo bila kufungua kitabu.

FundiMaabara
Nakubaliana na Binti kwa nusu. Karatasi haikufundishi kuandika kanuni bila utata, kwa sababu wachezaji wanaelewana kwa macho tu. Kompyuta haielewani na mtu. Mwanafunzi akisema "adui akikugusa unapoteza uhai", Scratch itampunguzia uhai mara kadhaa kwa sekunde mpaka ufike sifuri. Hapo ndipo atagundua kwamba alimaanisha "mara moja, kisha sekunde moja ya salama".

Tumia programu ya Scratch inayosakinishwa, haihitaji intaneti wala akaunti. Unaweza kubadili lugha yake, na Kiswahili kimo. Jukwaa ni x kutoka -240 hadi 240 na y kutoka -180 hadi 180, kwa hiyo grafu umeshaipata bure.

Matatizo utakayokutana nayo:

Kuchora. Usipozuia, vipindi vinne vitaishia kwenye nywele za mhusika. Vipindi viwili vya mwanzo iwe miraba ya rangi tu.

Kigeu (variable, kihifadhi namba) cha "uhai" kuwekwa kwa wahusika wote. Wakitengeneza kloni (nakala) za adui, ukimpiga mmoja wanadhoofika wote. Kigeu hicho kiwe cha mhusika huyo tu.

Mhusika kupenya sakafu. Mvutano wa ardhi hutengenezwa kwa kupunguza kasi kwa 1 kila mzunguko. Kasi ikifika -20, mhusika anaruka nukta 20 kwa mkupuo, na akiwa mdogo, tuseme wa nukta 5, sakafu ya unene wa nukta 10 anaweza kuivuka bila kuigusa. Weka kikomo cha -10, au nenepesha sakafu. Usiwape jibu haraka. Waambie wachore nafasi yake kila mzunguko kwenye karatasi ya grafu.

PaiThoni
Mimi ndiye mpenzi wa Python humu, lakini kwa vipindi 8, hapana. Vitatu vitaliwa na nukta mbili (:) zilizosahauliwa na nafasi za mwanzo wa mstari. Pygame Zero yenyewe ni nyepesi, ila picha lazima zikae kwenye folda ya "images" na majina yawe kwa herufi ndogo bila nafasi. "Adui Mkubwa.png" haitafunguka. Iache kwa kidato cha tatu, na hata huko wape faili fupi linalofanya kazi walibadili, wasianze na ukurasa mtupu.

KeteMbili
Mbona hamjataja bao? Mashimo 32, kete 64, na kanuni ngumu kuliko michezo mingi ya simu. Wape bao la Kiswahili lilivyo: kila mchezaji anaanza na kete 6 nyumbani, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Kazi yao: badilisheni kanuni MOJA, kwa mfano 22 ziwe 12, chezeni mara tano, andikeni kilichobadilika. Kubuni kutoka sifuri kunawatisha wengi, na matokeo yake ni nakala ya ludo yenye rangi mpya.

Tahadhari
Nyongeza moja. Mkiwaambia "tengenezeni mchezo wa kufundisha sehemu", wataleta mlango unaofunguka ukijibu "1/2 + 1/4 ni ngapi?". Ndicho alichokikuta mtafiti Yasmin Kafai, Boston, Marekani, kwa watoto wa darasa la nne waliobuni michezo ya sehemu kwa lugha ya kompyuta ya Logo: katika michezo mingi somo lilikaa pembeni na mchezo pembeni. Jaribio rahisi: badilisha maswali ya hesabu yawe ya jiografia. Mchezo ukiendelea bila kuharibika, somo halimo ndani yake.

Mwl_Ubao
Nimeelewa. Vipindi 3 vya karatasi (cha kwanza bao), 5 vya Scratch, wale wale kwenye vikundi 12: vinane vya watatu, vinne vya wanne. Alama 20 nizigawe vipi?

BintiHesabu
Daftari la majaribio 8: tarehe, kanuni iliyobadilishwa, sababu, matokeo. Kanuni zilizoandikwa 6, na mpe mgeni wa darasa jingine azisome acheze bila kuelekezwa. Kila swali atakalolazimika kuuliza linakata alama moja. Hesabu 4. Picha na rangi 2, si zaidi.

FundiMaabara
Na wahifadhi kila dakika 10 kwa jina jipya, mchezo1, mchezo2, mchezo3, kwenye kompyuta na kwenye flashi. Umeme ukikatika faili linaweza kuharibika, na ukiwa na jina moja tu huna pa kurudi. Kumbuka pia kwamba mafaili hayo ndiyo ushahidi wa zile alama 8 za daftari la majaribio.