Parachuti ya dharura kwa droni ya starehe: ninunue au ni kutupa hela?

Ngalawa Tupu (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nina droni ya mikono minne, zile za kukunja, gramu 900 na kidogo. Sipigi harusi wala sifanyi biashara, ni starehe yangu ya Jumapili: narusha ufukweni Bagamoyo, nachukua video za ngalawa zikirudi. Kibali ninacho, wale wa "umesajili?" leo naomba mpumzike.

Wiki mbili zilizopita ilikuwa juu mita 40 hivi. Nikasikia mlio umebadilika, kama nyuki aliyebanwa kwenye chupa. Sijakaa sawa, ikapinduka, ikaja chini inajizungusha. Ilitua hatua tatu kutoka kwa muuza madafu. Kutua ni neno la heshima. Mkono mmoja ulizama mchangani wote, betri ikachomoka ikabiringika mpaka kwenye ndala zake. Jamaa akaitazama, akanitazama, akaendelea kuchonga dafu. Hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Kukagua, nikakuta propela moja imekatika karibu na shina. Ufa niliuona siku nyingi, nikasema itamaliza mwezi. Kosa ni langu.

Sasa kuna hizi parachuti za dharura, unafunga mgongoni kwa droni. Ukijumlisha na usafirishaji na ushuru, inakaribia nusu ya bei ya droni yenyewe. Kuna mwenye uzoefu? Natanguliza shukrani.

Kijiti Kavu
Naweka kambi hapa. Ila mkuu, hukununua hata dafu moja?

Fundi Solda
Pole mkuu. Mimi nafungua hizi mashine kila wiki, nikwambie zinavyokuja mezani. Nyingi zimegonga: mnazi, waya wa umeme, nguzo, ukuta. Nyingine mwenyewe aliziamuru zirudi nyumbani zenyewe, ila aliweka urefu wa kurudia mita 20 na mwembe wa jirani una 25. Nyingine zimekunywa maji ya chumvi. Hapo parachuti haina kazi, kwa sababu inahitaji nafasi ya kufunguka na wewe umegonga ukiwa chini, tena katikati ya makuti.

Inayohitaji mwavuli ni ile iliyokufa ikiwa hewani: propela imekatika kama yako, mota imekwama, betri iliyovimba imezima ghafla. Mikono minne ikipoteza mmoja haina ujanja, itapinduka tu. Zenye mikono sita huweza kujikongoja mpaka chini. Hizo kesi za hewani nakutana nazo chache sana.

Na usisahau uzito. Kila gramu unayopakia mgongoni unailipa kwa dakika za kuruka.

Mwalimu wa Zamu
Fundi ameongea kama fundi, anaangalia droni. Tumwangalie na muuza madafu.

Kutoka mita 40, kama hewa isingeizuia, ingefika chini kwa sekunde 2.9 ikiwa na kasi ya mita 28 kwa sekunde. Hewa huipunguza, tuseme imefika na 20. Kwa gramu 900 hiyo ni nishati ya jouli 180. Ni sawa na kuachia mfuko wa sukari, pungufu kidogo tu ya kilo, kutoka ghorofa ya sita umwangukie mtu kichwani. Tena sukari haina pembe.

Parachuti nzuri huishusha kwa mita 4 au 5 kwa sekunde. Chukua 5: jouli 11 na ushee. Sukari ile ile sasa imeanguka kutoka juu ya kabati la jikoni, mita moja na robo. Utaumia, utalaani, utaenda nyumbani kwa miguu yako.

Ndiyo maana Wamarekani, kwenye kanuni zao za 2021 za kurusha juu ya watu, hawakuuliza kama droni itapona. Waliuliza anayegongwa ataumia kiasi gani: daraja moja la droni limewekewa kikomo cha futi-pauni 11, kama jouli 15, na linalofuata 25, kama jouli 34. Kuna hata kiwango cha kupimia parachuti hizi, ASTM F3322. Ukinunua, uliza kama imepimwa kwa hicho, na imepimwa kwenye modeli yako.

Anayeona ni utani akumbuke Desemba 2015, Madonna di Campiglio huko Italia. Marcel Hirscher yuko katikati ya mbio za kuteleza kwenye theluji, droni ya kamera ikashuka ikapasuka nyuma yake, palepale alipotoka kupita. Shirikisho la mchezo huo likazipiga marufuku droni za kamera kwenye mashindano yake. Ile ilikuwa kubwa kuliko yako, lakini hesabu ni ile ile.

Mwana wa Kusi
Mwalimu hesabu safi, ila umesahau nani anabonyeza kitufe.

Niliwahi kujitengenezea. Kitambaa cha mwavuli wa mvua, springi, mkebe wa plastiki, natoa kwa rimoti. Kwenye majaribio uwanjani, raha tupu. Siku ya tukio lenyewe: sekunde ya kwanza nikashangaa, ya pili nikatafuta kitufe, ya tatu imeshafika. Kwa mita 40 zako ya kubonyeza kwa mkono ni pambo. Lazima iwe inayojihisi yenyewe kuwa inaanguka, na iwe inazima mota kabla ya kutoa kitambaa. Mota zikiendelea kuzunguka, kamba zinajisokota kwenye propela na unapata uchafu mmoja mkubwa unaoanguka.

Halafu upepo. Ukiwa juu mita 80, inashuka mita 4 kwa sekunde, hizo ni sekunde 20 hewani. Kusi ikivuma mita 8 kwa sekunde, itakwenda mita 160 inakotaka yenyewe. Inaweza kukuangukia baharini, inaweza kukuangukia barabarani mbele ya bodaboda.

Kigali Juu
Huku Rwanda kampuni ya Zipline wanasambaza damu hospitalini kwa droni tangu 2016. Wengi wanajua ule mzigo unadondoshwa na parachuti ya karatasi, ila ndege yenyewe nayo ina parachuti yake ya dharura. Lakini hao wanapita juu ya mapaa ya watu kila siku. Mleta uzi anarusha Jumapili.

Shangazi Mdogo
Wenye za gramu 249 kama mimi tusihangaike. Ukifunga chochote umevuka 250, mpaka wa droni nyepesi kwenye sheria za nchi nyingi, na faida ya wepesi wake imeishia hapo.

Ngalawa Tupu
Asanteni wakuu. Kwa hiyo nikielewa vizuri, hii kitu haimlindi mwenye droni?

Fundi Solda
Humlinda kwa bahati. Wengine wanaokoa kamera, wengine gimbali, kile kishikio kinachotuliza kamera, inavunjika vilevile. Anayelindwa ni wa chini. Kama ungekuwa unarusha kamera ya kilo sita juu ya uwanja uliojaa, ningekwambia usitoke nyumbani bila parachuti, na Mwalimu nisingebishana naye. Kwako wewe: badilisha propela zote nne kwa pamoja, pitisha ukucha ukingoni kabla ya kila ruko, betri ikianza kuvimba itoe kazini. Na simama mahali ambapo njia yake yote iko juu ya maji matupu.

Mwalimu wa Zamu
Hilo la maji nakubali. Ila ngalawa zina watu, Fundi.

Fundi Solda
Basi apige kwa ubavu, asikae juu yao. Picha inakuwa nzuri zaidi, tanga linaonekana.

Ngalawa Tupu
Nimeagiza seti tatu za propela, parachuti nimeiacha kwanza. Sehemu ya kurushia nimehama, sasa nasimama upande wa mikoko ambako hakuna biashara. Leo nilipita kwa jamaa wa madafu kumwomba radhi. Akaniuliza kama nimeileta. Nikasema hapana. Akasogeza kigoda.

Kamera Used Dar
Mkuu huo mwili uliovunjika unauza? Nahitaji kamera tu. Njoo PM.