Kinu kiko Muheza, mchi uko Ngamiani

Kikundi: Ukoo wa Pangani

Mwanaidi, Jumanne, saa 2:10 usiku
Assalaam alaykum ndugu zangu. Hitima ya marehemu baba ni Jumamosi baada ya alasiri, na wageni tuliowaalika wamefika 80. Kisamvu kitachumwa Ijumaa alfajiri shambani kwa Kaka Athumani, vilele vichanga peke yake, viroba vitatu. Kilichobaki ni kinu na mchi, kwa hiyo naomba kila aliye navyo aseme hapa usiku huu.

Mwanaidi, saa 2:52
Naona ujumbe umesomwa na watu 14, wala hapana aliyejibu.

Rashidi, saa 2:58
Shikamoo shangazi. Kwa nini tusitumie blenda ya nyumbani kwetu? Viroba vitatu tutavimaliza kabla ya adhana ya adhuhuri.

Mwanaidi, saa 3:01
Marahaba mwanangu. Blenda haizunguki mpaka uimwagie maji, nayo huyakata majani badala ya kuyaponda, kwa hiyo utapata uji wa kijani wenye povu ambao hata ukiutia tui zito hautashikana nalo. Kisamvu cha kinu hulainika bila maji, tena tunatia chumvi kidogo tu ili majani yasiteleze chini ya mchi.

Mama Nasra, saa 3:04
Mwaka juzi tulinunua kilichosagwa kwa mashine, na nyote mnakumbuka sahani zilivyorudi jikoni.

Bakari, saa 3:09
Kwa kuwa mimi ni muuguzi, naomba niongeze jambo. Majani ya mhogo yana kitu kinachotoa sumu ya sianidi jani linapopondeka, na ndiyo maana yanatakiwa kutwangwa sawasawa, kisha kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa, ili sumu hiyo itoke pamoja na mvuke. Nazi isitiwe mpaka kazi hiyo iishe. Bibi hakuwahi kulitaja neno sianidi, lakini sikumwona hata siku moja akifunika sufuria ya kisamvu kibichi.

Rashidi, saa 3:11
Mchi ukikosekana nitaleta chuma changu cha mazoezi, kina kilo 10.

Salma, saa 3:12
Rashidi, chuma hicho hujakinyanyua tangu Ramadhani. Utatwanga mara tatu, kisha tutaanza kukutafutia wewe mtu wa kukukanda.

Mama Nasra, saa 3:13
Nimecheka mpaka mtoto ameamka.

Mwanaidi, saa 3:20
Nimefurahi kuwaona mko macho. Kinu kiko kwa nani?

Athumani, saa 3:41
Kinu kiko kwangu Muheza, kama kila mtu ajuavyo, nacho hakina ufa hata mmoja, kwa sababu hukikausha kivulini kikiwa kimepinduliwa wala sikiachi juani. Mchi sinao, na sijawa nao tangu siku ya mwembe, vitu vya nyumba ya baba vilipochukuliwa. Aliyeuchukua alisema kwamba kinu bila mchi ni gogo, na maneno hayo nimekaa nayo miaka 11.

Mama Idi, saa 3:47
Shemeji, aliyeyasema alikuwa na msiba kama wewe. Kinu kilikwisha kupakiwa garini kabla hatujaanua tanga. Nani aliulizwa?

Mwanaidi, saa 3:49
Ndugu zangu, nawaomba tuzungumze habari ya Jumamosi. Nimefikiria kununua mchi mpya, lakini mti mpya hutaka kutwangiwa pumba kwanza mpaka vumbi lake liishe, na tena mchi mnene kuliko kitako cha kinu hauyafikii majani ya chini. Ule wa zamani ulichongwa kwa kinu kile.

Salma, saa 4:15
Nimemsomea bibi ujumbe wote, naye ameniamuru niandike kama alivyotamka: «Nimetwanga katika kinu hicho tangu nilipoletwa hapa bi harusi, na baba yenu hakula kisamvu cha nyumba nyingine. Siku ile sikuuliza nani amechukua nini, na leo siulizi. Ijumaa, kabla majani hayajafika, nataka kinu kiwe uani, juu ya gunia wala si juu ya vigae, na mchi wake uwe ndani yake. Visipokuwapo, wapeni wageni wali mtupu, nami nitakaa chumbani.»

Athumani, saa 4:58
Nimesikia, mama. Kinu kitapanda gari Alhamisi. Ni kizito, kwa hiyo nahitaji kijana wa kukipokea.

Rashidi, saa 4:59
Nitakipokea mimi, baba mkubwa.

Mwanaidi, saa 5:02
Baba Idi, tunasubiri neno lako kuhusu mchi.

Mwanaidi, Jumatano, saa 12:30 asubuhi
Baba Idi, ujumbe umeusoma.

Mama Nasra, saa 2:05
Samahanini, nililala. Nazi za kukunwa ni ngapi?

Mama Idi, saa 3:18
Amesoma maneno ya mama mara mbili. Kisha ameingia stoo, ameutoa mchi, ameufuta vumbi na kuusimamisha nyuma ya mlango, akaenda kazini bila kusema lolote.

Mwanaidi, saa 3:20
Mama Idi, akirudi naomba umuulize kama ataufikisha mwenyewe, au nimtume Rashidi aje Ngamiani kuuchukua.